MHADHIRI NAYE AFUNZWE KUFUNDISHA

Ndugu wanajeshi na polisi mnafahamu kwamba askari hakabidhiwi makuruta kabla hajahitimu kozi ya ukufunzi. Vyuoni sivyo. Mwenye shahada ya juu hupewa darasa mara moja, ingawa pengine hajapata kufundishwa namna ya kufundisha.

Kasoro hiyo ilidhihirika Machi 2020, vyuo vya Uganda vilipofungwa kwa ajili ya Korona, na masomo yakahamia mtandaoni. Tuseme mhadhiri yuko Mbarara, mji wenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia tangu 1989. Mwanafunzi wake anaishi Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa 1958. Simu yake huchajiwa kwa nguvu za jua, na bando la intaneti ni ghali. Mhadhiri asiyefunzwa humpelekea video ya saa mbili. Aliyefunzwa hurekodi sauti ya dakika kumi, huambatanisha maswali mawili, na haendelei mpaka apate majibu. Chombo ni kile kile.

Lakini mhadhiri mwenye vipindi asubuhi na jioni ataisoma kozi hiyo lini? Vyuo havina budi kumpunguzia vipindi, kama vile askari aliye kozini anavyoondolewa zamu.