Umehamia Mahali Pageni: Tafuta Nyumba, Tafuta na Watu

Watu wengi huhama. Mmoja hufuata kazi. Mwingine hufuata shamba, mume au mke. Huenda nawe utahama siku moja. Ukifika mahali pageni utahitaji vitu viwili: nyumba ya kulala, na watu wa kuishi nao. Nyumba peke yake haitoshi. Ukiugua usiku, ukuta hautakupeleka zahanati. Ndugu zako wako mbali, na wahenga walisema, "Fimbo ya mbali haiui nyoka."

Tuchukue mfano wa mtu aliyehamia kijiji cha pwani ya Tanzania.

Jitambulishe

Kabla ya kuhama, omba barua ya utambulisho katika kijiji unachotoka. Ukifika, nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Yeye atakuelekeza kwa Ofisa Mtendaji wa Kijiji, ili jina lako liandikwe katika rejesta ya wakazi. Usione haya kwenda. Mtu asiyejulikana hutiliwa shaka, hata kama ni mwema. Tena, viongozi hao wanajua nyumba ipi ni ya nani.

Kutafuta nyumba

Usiwe na haraka. Panga chumba kwanza, huku ukiendelea kutafuta nyumba nzuri zaidi. Nenda ukaitazame nyumba mchana. Simama ndani, funga mlango, kisha tazama juu. Ukiona mwanga kwenye paa, jua mvua nayo itapita hapo. Tazama ukuta karibu na sakafu. Ukiona mstari wa matope, huenda maji huingia wakati wa masika. Tazama choo na jiko. Uliza maji huchotwa wapi, na umbali wake.

Kisha zungumza na majirani. Waulize mwenye nyumba ni nani hasa. Wako wanaopokea kodi ya nyumba isiyo yao, kisha wakatoweka. Kwa hiyo usitoe fedha kabla hujamwona mwenye nyumba na kuiona nyumba yenyewe. Ukimtumia dalali, patana naye malipo yake mapema.

Mkikubaliana, andikeni. Mkataba uonyeshe majina yenu, kodi ya kila mwezi, miezi iliyolipwa na tarehe ya kuanza. Andikeni nakala mbili. Kila upande uwe na shahidi. Usome mkataba wote, ndipo utie sahihi yako. Hapo ndipo utakapoona faida ya kisomo. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari."

Ukitaka ardhi ya kujenga

Ardhi ya kijiji haigawiwi na mtu mmoja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaiagiza Halmashauri ya Kijiji isimgawie mtu ardhi kabla Mkutano Mkuu wa Kijiji haujakubali. Mkutano huo ni wa wanakijiji wote watu wazima. Mtu akikwambia, "Nipe fedha, nitakumalizia mimi mwenyewe," mkatae. Ukigawiwa ardhi kwa haki, unaweza kuomba hati ya haki miliki ya kimila. Sheria hiyo inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume.

Beni na wageni

Sasa tuzungumze juu ya watu. Njia moja ya kupata watu ni kujiunga na kikundi cha muziki, kama vile beni au matarumbeta.

Ngoma ya beni ilianza pwani ya Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19. Watu waliona bendi za askari, wakaiga tarumbeta, mavazi na vyeo vyao. Wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, askari na wapagazi waliipeleka beni mpaka bara. Lakini beni haikuwa mchezo tu. Mtu aliyefika mji mgeni aliweza kupata wenzake katika chama cha beni. Walisaidiana katika ugonjwa na mazishi. Mpaka leo, huko pwani na Zanzibar, beni hupigwa barabarani katika harusi.

Kujiunga na kikundi

Nenda kwenye mazoezi yao. Usianze kwa kushika tarumbeta. Kaa, sikiliza, piga makofi. Saidia kubeba ngoma. Baadaye utapewa kayamba au ngoma ndogo, ujifunze kushika mwendo. Tarumbeta ni ngumu zaidi. Nyingi zina vitufe vitatu tu. Sauti nyingine zote hutokana na midomo na pumzi ya mpigaji. Usikate tamaa ikilia vibaya.

Osheni sehemu ya kupulizia kabla ya kupokezana. Mwenye kikohozi asipulize. Kikohozi kikifika wiki mbili, aende zahanati akapimwe kifua kikuu.

Kabla ya kulipa kiingilio, omba kusoma katiba ya kikundi. Uliza fedha za harusi hugawanywaje, na daftari liko kwa nani. Ukilipa, dai risiti.

Utakachopata

Kikundi hupita mitaa yote. Baada ya harusi chache, watoto watakuita kwa jina. Mpiga ngoma mwenzako atakuambia nyumba ipi ina chumba kitupu, na nyumba ipi ina ugomvi wa urithi. Habari hizo zinaweza kuokoa fedha zako.

Lakini usiingie ili kuchukua tu. Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Mwenzako akifiwa, nenda. Kukiwa na kazi ya kuchimba kisima, nenda. Siku utakapohamia nyumba yako, utawaona wamekuja kukubebea kitanda, bila kuitwa. Siku hiyo ujue kwamba umefika.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini tutazame paa la nyumba mchana?
2. Mkataba wa nyumba uandikwe mambo gani?
3. Nani hukubali ardhi ya kijiji igawiwe?
4. Je, kijijini kwenu kuna mgeni asiye na wenzake? Mtamsaidiaje?