Nguvu za Askari Zatoka Wapi?

Apitaye River Road, mjini Nairobi, wakati wa asubuhi huwaona wachukuzi wakipenya katikati ya watu na magari, magunia mgongoni, wala hawapumziki mpaka mzigo ufike dukani. Husemwa juu ya watu kama hao kwamba wamezaliwa na nguvu. Maneno hayo husemwa pia juu ya askari wa Kigurkha, watu wa milima ya Nepal, na juu ya wakimbiaji wetu wa Kenya. Walakini tukizichungua habari zao, tutaona kwamba kuzaliwa si jambo lote.

Wagurkha wamelitumikia jeshi la Uingereza tangu mwaka 1815. Kwao Nepal mizigo huchukuliwa katika kikapu kiitwacho doko, ambacho uzito wake hushikwa na mkanda upitao kwenye paji la uso, kama akina mama wa Kikuyu walivyozoea kubeba kuni. Jeshi halikuidharau kazi hiyo ya nyumbani, bali liliifanya kuwa mtihani: kijana atakaye kuandikwa hupanda mlima mbio akiwa na doko lenye kilo 25. Kadhalika vikosi vilizoea kushindana mbio za kupanda kilima na kushuka. Mwaka 1899 askari Harkabir Thapa alipanda mlima Glamaig, huko Scotland, kwa miguu mitupu, akarudi alikoanzia kwa dakika 55. Na mwaka 2023 Hari Budha Magar, askari wa zamani wa Kigurkha aliyepoteza miguu yote miwili vitani Afghanistan, alifika kilele cha Everest kwa miguu ya bandia.

Huku kwetu nako jeshi limekuwa shule ya namna hiyo. Tanganyika ilipopata Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, ni askari, Luteni Alexander Nyirenda, aliyeweka mwenge na bendera juu ya Kilimanjaro, mita 5,895. Wilson Kiprugut, wa Kericho, aliingia K.A.R. kabla ya Uhuru wa Kenya. Mwaka 1964, huko Tokyo, akawa Mkenya wa kwanza kupata nishani ya Olimpiki, ya shaba katika mita 800. Naye Naftali Temu, askari kutoka nchi ya Kisii, alituletea dhahabu ya kwanza mwaka 1968 huko Mexico, katika mita 10,000.

Vilima vya Kericho na Kisii vilipandwa na vijana wengi wa rika lao, ambao majina yao hayajulikani. Tofauti ilikuwa nini? Askari alipata chakula cha kutosha kila siku, viatu, mwalimu, saa ya mazoezi isiyovunjwa, na siku ya mashindano iliyojulikana mapema.

Hapo ndipo penye somo. Mchukuzi wa River Road anazo nguvu, lakini hana saa wala mwalimu. Karani anayo saa, lakini huimaliza kitini, ijapokuwa vilima vya Ngong vi karibu na mji. Shule, vyama vya ushirika na mabaraza ya vijiji vyaweza kuchagua siku moja kila mwaka, wakapima njia ya kilimani, wakawaalika vijana wakimbie na mzigo wa kiasi, na mshindi akapewa mbuzi. Gharama yake ni ndogo. Neno kubwa ni kwamba siku hiyo isiahirishwe, maana kijana hafanyi mazoezi kwa ajili ya siku asiyoiamini.