Maziwa hayafiki kifuani

Kijijini Kaengesa, Ufipa, mashine ya kusaga inanguruma. Kijana anayemimina madebe ya mahindi ana nyusi nyeupe utadhani amezeeka kabla ya saa saba mchana. Jioni atatafuta kikombe cha maziwa, asafishe kifua.

Maziwa husafisha mapafu. Si kweli, ingawa wapaka rangi na wachomeleaji nao huyategemea. Maziwa hupita njia ya chakula. Yakikosea njia, utapaliwa. Vumbi la chembe kubwa hunaswa na ute kwenye njia ya hewa, vinyweleo vikalisukuma juu ulikohoe. Vinyweleo hivyo, lakini, haviingii kwenye vifuko vya hewa vilivyo mwisho wa safari. Huko zipo seli zinazotambaa ukutani zikimeza vumbi laini, chembe kwa chembe, na vumbi likizidi huelemewa. Maziwa ni chakula kizuri, kijana anywe tu. Ila barakoa ya asubuhi ingemfaa zaidi.

Pafu ni tupu kama puto. Si kweli. Aliyewahi kuosha pupu la mbuzi anajua: ukilibonyeza hurudi, kama sifongo. Vitabu vya shule huchora vifuko kama kichala cha zabibu, mchoro ambao sijawahi kuupenda. Kwenye hadubini huonekana kama sega la asali: vyumba vimebanana, ukuta mmoja unatumiwa na majirani wawili. Mtu mzima ana vifuko milioni 480 hivi, kila kimoja kina upana wa karibu moja ya tano ya milimita. Ndani ya kuta hizo chembe nyekundu za damu hupita kwa foleni, moja nyuma ya nyingine. Kati ya chembe hizo na hewa kuna utando usiofika hata moja ya elfu ya milimita. Utando wote ungetandazwa, ungefunika sakafu ya nyumba nzima.

Mtoto huzaliwa na vifuko vyote. Si kweli. Vingi huota baada ya kuzaliwa, wakati ambao mtoto yuko mgongoni mwa mama, jikoni, kwenye moshi wa kuni.

Mapafu huvuta hewa yenyewe. Si kweli. Ilungu, tanuru refu ambalo Wafipa waliyeyushia chuma zamani, lilivuta upepo lenyewe bila mivukuto. Pafu haliwezi hivyo: halina msuli wa kujitanua. Kiwambo kilicho chini yake hushuka, mbavu zikapanuka, ndipo hewa ikaingia. Wafipa walikuwa pia na tanuru dogo la kusafishia chuma. Hilo ndilo lililovukutwa kwa mikono, na pafu linafanana nalo.