Kabla Hujatoa Udongo wa Shamba Lako: Fahamu Thamani ya Jeni na Haki Zako

Mtu akifika shambani kwako hapa Bokoli na kuomba udongo kidogo au mizizi ya mukombero apeleke maabara, huenda ukaona ni jambo dogo. Makala haya yanaeleza kwa nini si dogo, na maswali ya kuuliza kabla ya kukubali.

Dawa kutoka kwa udongo

Wafugaji wengi wanaijua ivermectin, dawa ya minyoo ya mifugo ambayo pia hutibu usubi kwa binadamu. Asili yake ni bakteria waliopatikana katika udongo wa Japani. Waliogundua dawa hiyo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Kenya nayo ina kisa chake. Kampuni ya Bayer ya Ujerumani huuza Glucobay, dawa ya kisukari inayopunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu baada ya mlo. Dawa hiyo hutokana na bakteria aina ya Actinoplanes. Ripoti ya mwaka 2006 ilieleza kwamba bakteria SE50 walitoka Ruiru, Kenya, na kwamba Bayer ilikuwa imeomba hataza ya jeni zinazotengeneza dawa hiyo mwaka 1995. Hataza ni haki ya kuzuia wengine kutumia uvumbuzi bila idhini.

Kompyuta inasomaje jeni?

Kila kiumbe hubeba maagizo yake katika DNA, yaliyoandikwa kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Kwa bakteria, jeni zinazoshirikiana kutengeneza kemikali moja mara nyingi hukaa pamoja, kama vyombo vya pishi moja vilivyopangwa kwenye rafu moja.

Programu iitwayo antiSMASH, iliyotolewa mwaka 2011 na inayopatikana bila malipo kwenye intaneti, hupitia herufi hizo na kutafuta mafungu ya jeni yanayofanana na yale yanayojulikana tayari. Kisha hukisia ni kemikali ya aina gani inayoweza kutengenezwa. Mwaka 2002, jenomu ya bakteria wa udongo Streptomyces coelicolor iliposomwa, yalipatikana mafungu zaidi ya 20, mengi yakiwa ya kemikali ambazo hazikuwa zimewahi kuonekana maabara. Kwa mimea kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu jeni zake mara nyingi zimetawanyika.

Utabiri si dawa. Lazima watafiti wakuze bakteria, watoe kemikali yenyewe, na waipime usalama na nguvu zake. Ukiuziwa dawa sokoni kwa madai kwamba "imethibitishwa na kompyuta", usikubali.

Kwa nini uulize mapema?

Jeni zikishasomwa, herufi zake zinaweza kutumwa popote duniani kwa dakika chache, na udongo wenyewe usihitajike tena. Ndiyo maana makubaliano hufanywa kabla ya mfuko kujazwa. Mwombe mtafiti akuonyeshe:

1. Leseni ya utafiti kutoka NACOSTI.
2. Kibali cha NEMA cha kuchukua rasilimali za kijenetiki, kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2006.
3. Makubaliano ya maandishi, katika lugha unayoielewa, yanayosema udongo au mmea utatumiwaje, herufi za jeni zitawekwa wapi, na manufaa yatagawanywaje.

Ikiwa anataka pia kujua jinsi wazee wanavyotumia mimea, hayo ni maarifa ya jadi. Sheria ya mwaka 2016 inayoyalinda imezipa serikali za kaunti jukumu la kuyasajili.

Kimataifa, Mfuko wa Cali ulizinduliwa Februari 2025 ili kampuni zinazofaidika na data za jeni zichangie uhifadhi wa viumbe. Angalau nusu ya fedha hizo imekusudiwa watu wa asili na jamii za wenyeji. Hata hivyo michango ni ya hiari, kwa hivyo mfuko huo hauwezi kuchukua nafasi ya makubaliano yako mwenyewe.

Si lazima umfukuze mtafiti. Huenda dawa ya kesho ikatoka katika shamba lako. Mwombe karatasi zake, na ukiwa na shaka, mpeleke kwa chifu au msimamizi wa wadi kabla hajachimba.