Vielekezo vya Kutengenezea Gitaa katika Karakana ya Shule

Mwalimu wa shule ya msingi anayetaka kuwafundisha watoto kutengeneza gitaa hukabiliwa na jambo ambalo halimkabili anapofundisha kutengeneza kigoda au mwiko. Kigoda kilichopotoka kidogo hukalika, na mwiko ulioinama husonga ugali. Lakini gitaa ambalo freti zake, yaani vile vijiti vya chuma vinavyokingama juu ya shingo, zimekaa milimita mbili kando ya mahali pake, halipigiki pamoja na mengine. Mtoto aliyelihangaikia muhula mzima atabonyeza uzi, atasikia sauti isiyoafikiana na za wenzake, na aghalabu atahitimisha kwamba hana sikio la muziki. Magitaa ya namna hiyo huishia ukutani, yakawa mapambo ya siku ya wazazi.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba dawa ya tatizo hili si kumkemea mtoto ili apime kwa uangalifu zaidi. Mkono wa mtoto wa miaka kumi na miwili haujakomaa kiasi hicho, wala rula ya shule haisomi sehemu ya kumi ya milimita. Dawa ni kuuhamisha usahihi kutoka mkononi mwa mtoto na kuuweka katika chombo kinachouongoza mkono huo. Chombo hicho baadhi ya mafundi hukiita jigi. Sisi tutakiita kielekezo. Hutengenezwa mara moja kwa subira nyingi, kisha hutumiwa na darasa zima kwa miaka.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa ndiyo msingi wa kielekezo cha kwanza. Urefu wa uzi unaolia hupimwa kutoka kizingiti kilicho juu ya shingo hadi daraja lililo juu ya kasha. Tuseme urefu huo ni milimita 600. Ili kupata mahali pa freti ya kwanza, tunagawanya 600 kwa 17.817, tunapata 33.7. Tunatoa kiasi hicho katika 600, kisha kinachobaki tunakigawanya tena kwa 17.817, na kuendelea hivyo hivyo. Freti ya pili huangukia milimita 65.5 kutoka kizingitini, ya tatu 95.5, ya tano 150.5, ya saba 199.5, na ya kumi na mbili 300 kamili, yaani nusu ya uzi. Mtoto wa darasa la sita aliyekwisha kujua desimali anaweza kuifanya hesabu hii mwenyewe, naye atafurahi kuona kwamba baada ya hatua kumi na mbili za kugawanya amefika katikati barabara. Akikosea njiani hatafika huko. Hivyo hesabu inajisahihisha yenyewe.

Mafundi wa zamani walitumia 18 badala ya 17.817. Vincenzo Galilei wa Italia, baba yake Galileo mwanafalaki, aliieleza kanuni hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1581. Ni rahisi kukumbuka, lakini katika uzi wa milimita 600 huiweka freti ya kumi na mbili kwenye 297.8 badala ya 300. Zoezi zuri la darasani ni kuwapa watoto kanuni zote mbili wazilinganishe.

Yafaa hapa tusisitize jambo moja ambalo wanachuo wengi hulidharau. Ijapokuwa hesabu huenda hatua kwa hatua, alama zote zichorwe kwa kupima kutoka kizingitini, wala si kutoka freti moja hadi nyingine. Anayepima kutoka freti hadi freti hujilimbikizia makosa: robo ya milimita ikirudiwa mara kumi na mbili upande uleule huwa milimita tatu.

Sasa kielekezo chenyewe. Tafuta bapa la chuma lenye unene wa milimita 2 au 3, au ufito wa mninga mkavu, kwa kuwa mbao za mninga hazisinyai sana. Chora alama zote ukingoni mwake, ukianza na kizingiti, kisha kwa tupa ndogo chonga pengo katika kila alama, upana wake ukiwa sawasawa na unene wa msumari mmoja uliouchagua. Bapa hili ndilo kigezo. Halafu unda sanduku lisilo na kifuniko wala ncha, mithili ya mfereji: ubao wa chini na kuta mbili. Kata kuta zote mbili kwa msumeno wa meno madogo, mkato uwe wima na mraba kabisa. Humo ndimo msumeno utakamopita daima. Chini ya mkato huo, katika ukuta mmoja, pigilia ule msumari utokeze kidogo ndani.

Mtoto hubandika ubao wa shingo juu ya kigezo kwa utepe wa gundi, akavitia vyote viwili sandukuni, akalisukuma pengo la kwanza likaumeza msumari, akakata. Kisha anasogeza hadi pengo linalofuata. Hapimi tena. Ili mkato usizidi kina, gundisha vijiti viwili ubavuni mwa msumeno, vigote juu ya kuta za sanduku. Kundi la watoto watano huweza kumaliza shingo moja katika kipindi kimoja, na shingo ya kundi la nane italia sawa na ya kundi la kwanza.

Kwa freti zenyewe, spoki za baiskeli hufaa: zikatwe, zilazwe katika mikato na kugandishwa kwa gundi kali, na ncha zake zipigwe tupa zisichane vidole. Shule isiyopata spoki ifunge mshipi wa nailoni wa kuvulia kuzunguka shingo juu ya kila alama, kama walivyofanya wapigaji wa ala za kale za Ulaya kwa utumbo wa kondoo. Freti za kufungwa zina faida yake, kwani huweza kusogezwa. Nyuzi pia ziwe za nailoni. Nyaya zilizochomolewa katika kebo za breki hulia kwa nguvu, lakini zikikatika huruka usoni, nasi hatushauri zitumiwe na watoto wadogo.

Kielekezo cha pili ni cha kugandisha. Ubao wa mbele wa gitaa huwa mwembamba, kiasi cha milimita 3, nao hauwezi kuhimili mvuto wa nyuzi bila mataruma ndani yake, kama yalivyo mataruma ya jahazi. Vibano vya dukani ni ghali, na vilivyo vingi havifiki katikati ya ubao. Badala yake, simamisha ubao mnene juu ya ubao mwingine kwa nguzo nne, nafasi kati yao iwe sentimita 60. Pasua mianzi, uikate sentimita 63 au 64, uilainishe kwa msasa. Taruma likishapakwa gundi na kuwekwa mahali pake, kila mwanzi hupindwa kama upinde kati ya dari na taruma. Kwa kutaka kunyooka, hulikandamiza. Mianzi minane yaweza kushika taruma zima usiku kucha bila gharama yoyote. Watoto wasiinamishe nyuso karibu nayo, maana mwanzi ukiteleza hufyatuka.

Kuhusu kingo za kasha hatutasema mengi. Ukanda uliokatwa katika tyubu kuukuu ya baiskeli, ukizungushwa kwa kuvutwa, hubana vizuri kuliko kamba. Kukunja mbao za ubavuni kwa bomba la moto ni kazi ya karakana ya chuo. Shule ya msingi itumie kasha la pembe nne.

Wako wanaodai kwamba kielekezo humnyima mtoto ubunifu. Sisi hatukubaliani nao. Umbo la kasha, tundu la sauti, nakshi, na uteuzi wa mbao, vyote vimebaki mikononi mwa mtoto. Kilichoondolewa ni bahati nasibu tu. Kosa lililo kubwa zaidi ni la mwalimu anayekitengeneza kielekezo peke yake usiku na kukileta darasani kama mwujiza. Watoto wakokotoe, wachonge mapengo, wapingane. Mwalimu akague kabla ya tupa kwenda ndani.

Gitaa likiisha, lijaribiwe hivi: gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya kumi na mbili bila kuubonyeza, ulize, kisha ubonyeze papo hapo na uulize tena. Sauti mbili hizo hazina budi kuwa moja. Ya pili ikiwa juu zaidi, sababu ni kwamba uzi hunyooshwa unapobonyezwa. Lisogeze daraja nyuma milimita 2 au 3, ujaribu tena, na usiligandishe kabla ya hapo. Kigezo kiandikwe urefu wake, 600, kwa rangi isiyofutika, kwa kuwa hakifai kwa gitaa la urefu mwingine, kisha kitundikwe mbali na jua.