Nyumba ya Shule Haiingii Kwenye Pensheni

Wenzangu wa Ualimu, wakati tunasubiri ajira za Serikali, mlango unaofunguka kwanza mara nyingi ni wa shule binafsi. Huku kwetu, kuanzia Moshi mjini kupanda Kibosho, Marangu mpaka Rombo, shule za bweni zipo nyingi, na ofa huja hivi: mshahara laki tano, nyumba juu ya shule. Kwa mtu aliyezoea kusubiri boom, hiyo ni neema. Ila kabla hujasaini, elewa kwamba nyumba hiyo haikuchangii pensheni.

Mwajiriwa wa sekta binafsi huchangiwa NSSF asilimia 20 ya mshahara wake. Kwa kawaida wewe unakatwa 10, mwajiri anaongeza 10. Hesabu hiyo inapigwa kwenye fedha unayolipwa. Nyumba si fedha, kwa hiyo haimo. Cha kushangaza, TRA wanaiona: Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaihesabu nyumba uliyopewa na mwajiri binafsi kuwa sehemu ya kipato chako. Yaani kwenye kodi nyumba ni kipato, kwenye pensheni haipo kabisa.

Tuchukue mfano wa walimu wawili. Wa kwanza analipwa 500,000 na nyumba. Wa pili analipwa 650,000, anapanga mtaani kwa 135,000. Tukiacha kodi ya mapato na makato ya Bodi ya Mikopo, wa kwanza baada ya NSSF anabaki na 450,000. Wa pili anabaki na 585,000, akilipa pango inakuwa 450,000. Mkononi wako sawasawa. Lakini kila mwezi wa kwanza anaingiziwa NSSF 100,000, wa pili 130,000.

Sasa peleka mbele. Kikokotoo kilichoanza Julai 2022 kinachukua wastani wa mishahara ya miaka mitatu iliyo bora katika kumi ya mwisho, kinazidisha kwa miezi uliyochangia, kisha kinagawa kwa 580. Kwa miaka 30, yaani miezi 360, unapata kama asilimia 62 ya mshahara huo. Kama mishahara ingebaki ileile, wa kwanza angepata karibu 310,000 kwa mwezi na wa pili karibu 403,000, kabla ya kutoa mkupuo. Na siku ya kustaafu wa kwanza anarudisha funguo. Anaanza kutafuta pa kuishi akiwa na miaka 60, na pensheni ndiyo ndogo.

Wengine tutasema kihamba kipo nyumbani. Sawa, lakini vihamba vimegawanywa vizazi na vizazi, na si kila mtoto anapewa.

Kwa mwalimu wa Serikali habari ni tofauti. PSSSF inachukua asilimia 5 kwake na 15 kwa mwajiri, kwenye mshahara wa msingi. Akae nyumba ya shule au apange, mshahara wake wa ngazi ni uleule na mchango haubadiliki.

Sisemi ukatae nyumba. Shule ikiwa mbali mlimani, huenda hata pa kupanga hakuna. Zungumza mpangilio: mkataba uandike mshahara 650,000, halafu shule ikukate pango 150,000 kwa maandishi. Mchango utapigwa kwenye 650,000. Shule itaongeza 15,000 tu kwa mwezi, na wewe utakatwa 15,000 zaidi, ambazo ni akiba yako.

Wakikataa, basi angalau uliza mambo mawili: mchango wa NSSF unapigwa kwenye kiasi gani, na kama kuna posho, imo au haimo? Majibu yaandikwe kwenye mkataba. Ukishaanza kazi, fuatilia taarifa ya michango yako NSSF mara kwa mara, maana pensheni inadai angalau miezi 180 ya kuchangia, na mwezi ambao haukupelekwa haujihesabu wenyewe.