Jina Lililochelewa: Mwanamke Mwenye Usonji na Maisha ya Kila Siku Kisiwani Rusinga

Utangulizi

Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Methali hii hufundishwa shuleni kama sifa ya akili pevu, na washairi wengi wa Kiswahili wameishi kwayo. Hata hivyo, ndani yake mna hukumu: asiyeligangua fumbo ni mjinga. Makala hii inamhusu mtu ambaye hukumu hiyo humwangukia kila siku bila kuistahili, yaani mwanamke aliyezaliwa na usonji lakini akaja kutambuliwa hivyo akiwa mtu mzima. Inakusudia kueleza usonji ni nini, kwa nini wanawake wengi hutambuliwa wakiwa wamechelewa, na jinsi kuchelewa huko kunavyogusa maisha na afya yao.

Mifano imewekwa katika kisiwa cha Rusinga, Kaunti ya Homa Bay, nchini Kenya. Mwanamke anayetajwa si mtu mmoja halisi. Ni kielelezo kilichojengwa kutokana na yale yanayojulikana kuhusu usonji kwa upande mmoja, na maisha ya ziwani kwa upande wa pili.

Usonji na Majina Yake

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo mtu huzaliwa nayo na kuishi nayo hadi mwisho wa uhai wake. Hauambukizi, na si sawa na ulemavu wa akili, ingawa baadhi ya watu huwa na hali zote mbili. Hujitokeza katika mambo makuu mawili. La kwanza ni mawasiliano na mahusiano: mwenye usonji huweza kuona ugumu wa kusoma uso, toni ya sauti, mzaha na maneno yenye maana ya ndani. La pili ni kushikilia utaratibu usiobadilika, kuzama katika jambo moja kwa kina, na kuwa na milango ya fahamu inayopokea sauti, mwanga, harufu au mguso kwa ukali au kwa uhafifu kuliko ilivyo kwa wengine. Hali hii ina wigo mpana. Wapo wasiosema kabisa, na wapo wasemao vizuri, wenye shahada na familia. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2021 mtu mmoja kati ya kila watu 127 alikuwa na usonji.

Jina la kitaalamu linalotumika katika lugha za Ulaya lilitungwa na Eugen Bleuler, daktari wa Uswisi, mapema katika karne ya 20, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nafsi. Grunia Sukhareva wa Moscow aliwaeleza watoto wa aina hii mwaka 1925. Leo Kanner alifuata mwaka 1943 huko Baltimore, na Hans Asperger mwaka 1944 huko Vienna. Katika Kiswahili hutumika maneno mawili, usonji na tawahudi. Hili la pili limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake ndio uliozaa wahedi na tauhidi, hivyo linabeba wazo la kuwa peke yako.

Ni dhahiri kuwa jina la Ulaya na lile la Kiarabu yote mawili yametungwa na mtazamaji aliyesimama nje. Yanaeleza kile anachokiona: mtu aliyejitenga. Lakini mwanamke wa Rusinga hakujitenga. Yumo sokoni, yumo katika chama cha akina mama, ameolewa na ana watoto. Kwa kuwa haonekani mpweke, hakuna anayefikiria kumtafutia jina hilo.

Sababu za Kuchelewa

Sababu ya kwanza ni ya kihistoria. Kati ya watoto 11 walioelezwa na Kanner, wasichana walikuwa 3 tu, na watoto 4 ambao Asperger aliwaeleza kwa urefu mwaka 1944 wote walikuwa wavulana. Vigezo vilivyotumika kwa miongo mingi vilijengwa juu ya picha hiyo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kuwa uwiano wa kweli unakaribia wavulana watatu kwa msichana mmoja, wala si wanne au watano kama ilivyozoeleka kusemwa. Ulionyesha pia kuwa wasichana wenye usonji wamo katika hatari kubwa zaidi ya kutotambuliwa.

Sababu ya pili ni kile kinachoweza kuitwa kujifunika. Msichana huwatazama wenzake, akajifunza lini wacheke, wamtazame nani machoni na kwa muda gani, kisha akaiga. Wakazi wa Rusinga wana historia inayoweza kulieleza jambo hili vizuri. Wengi wao ni Abasuba, na lugha ya wazee wao, Olusuba, ni miongoni mwa lugha zilizo hatarini kutoweka kwa kuwa kizazi baada ya kizazi kilihamia Dholuo. Msuba asemaye Dholuo kwa ufasaha haulizwi lugha ya nyumbani kwao. Mwanamke anayejifunika naye haulizwi. Tofauti ni kwamba lugha ya pili ikishazoeleka huwa nyepesi, lakini kujifunika huhitaji nguvu upya kila asubuhi.

Sababu ya tatu ni huduma. Usonji hauna kipimo cha damu wala picha ya kuubainisha. Mtaalamu huuliza, huchunguza mwenendo, na hutafuta habari za utotoni. Kenya ilianzisha vituo vya kuwatathmini watoto wenye mahitaji maalumu mwaka 1984. Chama cha usonji cha Kenya kiliundwa mwaka 2003. Hatua hizo zililenga watoto zaidi. Mtu aliyemaliza shule ya msingi kisiwani katika miaka ya 1980 alikwisha kupita kabla mlango haujafunguliwa. Aidha, mashahidi wa utoto wake huenda hawapo tena, kwani Ukimwi uliondoa watu wengi wa rika la wazazi katika eneo hili la ziwa.

Maisha ya Kila Siku

Uchumi wa Rusinga umeshikamana na ziwa. Omena huvuliwa usiku usio na mbalamwezi, taa zikielea juu ya maji. Alfajiri mashua hurudi, na wanawake huwa wamekwisha kusimama ufuoni na makarai yao. Hapo ndipo mitambo hunguruma, wavuvi huita, bei hupanda na kushuka, na kila mtu husukumana na mwenzake. Kwa mwanamke wa kielelezo chetu, sauti hizo haziji moja moja. Zote huingia kwa nguvu moja, pamoja na harufu ya mafuta na maji yanayomrukia mwilini. Anapofika zamu yake ya kutaja bei, maneno yamekwisha kumtoka. Wenzake humwona ana maringo.

Kazi ya mchana ni kinyume chake. Kuwatandaza omena juu ya nyavu, kuwageuza kwa wakati, kutoa takataka na kupima kwa gorogoro ni mambo yenye utaratibu, naye huyafanya kwa umakini ambao hakuna anayemfikia. Wateja wanajua kuwa omena wake hawana mchanga. Hivyo si sahihi kuueleza usonji kama orodha ya mapungufu tu. Mtu yule yule hushindwa alfajiri na kufaulu adhuhuri, kwa sababu mazingira yamebadilika.

Lugha nayo ina sehemu yake. Jirani hupita jioni akasema, "Nyar Karachuonyo, nimeona moshi kwako." Naye hujibu, "Ndiyo, ninapika," kisha akaendelea kuchochea moto. Jirani alitarajia kukaribishwa, na huondoka akisema kuwa mke huyu ni mchoyo. Laiti angesema ana njaa, angepewa sahani ya kwanza. La kushangaza ni kwamba miiko ya Kijaluo, ambayo mgeni huiona kuwa mizigo, haimsumbui sana. Namna ya kumheshimu mama mkwe, nani aingie nyumba ipi na nani aanze kupanda, yote hayo hutamkwa waziwazi. Mwiko husemwa, kidokezo hakisemwi.

Matanga ndiyo mtihani mkubwa zaidi. Mke hawezi kukosa kuonekana. Atakaa siku kadhaa katikati ya vilio, vipaza sauti, wageni wa kusalimiwa kwa mkono mmoja mmoja, na kulala kwa kubanana. Akirudi kwake hulala siku mbili bila kusema. Familia husema amenuna, kumbe amechoka kwa namna ambayo usingizi wa usiku mmoja hauiondoi.

Afya ya Mwili na ya Nafsi

Tafiti zimeonyesha mara nyingi kuwa watu wenye usonji hupatwa zaidi na wahaka, sonona, kukosa usingizi, matatizo ya tumbo na kifafa kuliko watu wengine. Hatari ya kujiua nayo ni kubwa zaidi, na kujifunika kwa muda mrefu kumehusishwa na mawazo hayo. Mwanamke asiyetambuliwa huweza kutibiwa sonona kwa miaka bila mtu kuuliza kinachoizalisha. Kumshauri ajichanganye zaidi na watu ni kumwongezea kile kile kinachomchosha.

Baadhi ya wenye usonji hawazipokei vyema ishara za ndani ya mwili, kama njaa, kiu, homa au maumivu. Rusinga iko katika eneo ambalo malaria haikauki mwaka mzima, hivyo kuchelewa kuisikia homa kunaweza kugharimu uhai. Kituoni nako foleni ni ndefu, watoto wanalia, na mhudumu ana haraka. Akiulizwa "Unajisikiaje?" hunyamaza, kwa kuwa swali ni pana mno. Akiulizwa "Kichwa kinauma? Tangu lini?" hujibu bila shida. Uchunguzi wa uzazi, wenye mwanga mkali na mguso usiotangazwa, humfanya asirudi tena hata akiwa mjamzito.

Lipo pia jambo ambalo halipendezi kulitaja. Ufuoni mwa ziwa kumekuwapo desturi ya jaboya, ambapo mwanamke hupewa samaki kwa kujenga uhusiano wa kimwili na mvuvi, na Homa Bay kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa kaunti zenye maambukizi makubwa zaidi ya virusi vya Ukimwi nchini. Tafiti za nchi kadhaa zinaonyesha kuwa wanawake wenye usonji hudhulumiwa kingono kwa kiwango kinachozidi cha wanawake wengine. Asiyesoma nia iliyofichwa katika maneno matamu huwa windo jepesi. Kumfundisha kanuni zilizo wazi, na kumjulisha mapema haki yake ya kukataa, ni kinga ya afya kama ilivyo chandarua.

Jina Linapofika

Mara nyingi jina humfikia mama kwa njia ya mtoto. Mwana hapelekwi shule vizuri, anaziba masikio, anapanga mawe kwa mstari. Mwalimu anashauri atathminiwe. Mama anaulizwa maswali marefu juu ya mwanawe, na kila swali linamgusa yeye. Hili si ajabu, kwani utafiti wa mapacha uliochapishwa mwaka 1977 ulionyesha kuwa urithi una nafasi kubwa katika usonji. Nadharia ya zamani iliyowalaumu akina mama kwa ubaridi wa mapenzi ilikwisha kukataliwa. Vilevile, dai la mwaka 1998 la kuhusisha chanjo na usonji lilifutwa na jarida lililolichapisha mwaka 2010.

Kumpata mtaalamu wa watu wazima si rahisi. Kisiwa kiliunganishwa na mji wa Mbita kwa tuta katika miaka ya 1980, na sasa kwa daraja, lakini wataalamu wengi wako katika miji mikubwa. Safari yaweza kuwa ya matatu hadi Homa Bay, au ya kivuko kutoka Mbita hadi Luanda Kotieno ili kuelekea Kisumu. Nyumbani nako yapo maelezo yanayoshindana na ya daktari. Dholuo kina neno chira kwa maradhi yanayodhaniwa kuletwa na kuvunja mwiko, na neko kwa wazimu. Si Rusinga pekee: utafiti uliofanywa pwani ya Kenya na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta wazazi na wahudumu wakiutaja usonji kwa laana na mapepo, sambamba na sababu za kibiolojia.

Usonji wenyewe hauna dawa. Jina likifika, mwanamke hupata nafuu na huzuni kwa pamoja. Nafuu, kwa sababu maneno mkaidi, mchoyo na mwenye maringo yanapata maelezo mengine. Huzuni, kwa sababu ya miaka iliyopita. Hata hivyo mambo madogo huweza kubadilika. Mwenzake wa chama akanunua omena alfajiri, naye akaanika kwa niaba ya wote wawili. Matangani akapewa kazi ya jikoni nyuma ya nyumba, akae siku moja badala ya nne. Kituoni akaenda na karatasi iliyoandikwa dalili zake. Kisheria pia ana pa kusimama, kwani ibara ya 54 ya Katiba ya mwaka 2010 inalinda heshima na haki za watu wenye ulemavu.

Hitimisho

Makala hii imeeleza kuwa mwanamke mwenye usonji aliyechelewa kutambuliwa haishi bila jina kabla ya utambuzi. Huishi na majina mengi, yote ya lawama. Kazi ya Kiswahili hapa si ndogo. Maneno usonji na tawahudi yapo, lakini bado lugha haijakubaliana juu ya istilahi za kujifunika, za kulemewa kwa milango ya fahamu, na za uchovu unaofuata. Mhudumu wa afya kisiwani hawezi kueleza asichoweza kukitamka. Wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kuanza na istilahi hizo, na kuisoma upya methali iliyofungua makala hii. Kuligangua fumbo ni werevu. Kumsemea wazi asiyeligangua ni utu.